Kompyuta Mbili na Vidole Viwili vya Baba

Mwaka wa tisini na sita, ile college yetu ya pale Embu ilikuwa na kompyuta mbili za kuchora, na kila moja ilikuwa na pakeji yake, yaani programu yake ya kuchora. Ya dirishani ilikuwa ya rangi. Unashika mausi, unavuta, kiti kinatokea. Unabonyeza, kiti kinakuwa chekundu. Unabonyeza tena, kinakuwa cha rangi ya chai ya maziwa. Ya ukutani ilikuwa nyeusi tii, mistari myeupe, na hapo chini kuna kamstari kadogo kanakuuliza unataka nini. Ukitaka mstari, unaandika kwa Kiingereza kwamba unataka mstari, halafu unaandika unaanzia wapi na unaishia wapi. Sisi tuliiita kuchora kwa barua.

Tulikuwa kumi na wawili, tunasomea kubuni vitu vya kutengenezwa: viti, majiko, mashine ya kuvunja makadamia. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Timau. Amezaliwa kwa baridi, sweta haitoki, hata jua la Embu likitaka kuyeyusha lami yeye yuko na sweta na jasho lake. Siku moja akabandika karatasi mbili kwa mlango, moja ya kila mashine.

"Andika jina kwa moja," akasema. "Ukishaandika umeoa. Hapa hakuna kurudisha bibi kwao."

Mimi nilikuwa wa kwanza kwa ya rangi. Nyuma yangu wakafuata wote kumi na mmoja. Karatasi ya ile nyeusi ilibaki vile ilivyotoka dukani, isipokuwa alama ya kidole cha mtu aliyekuwa amekula mandazi.

Nilikuwa na sababu zangu. Mimi ni wa darasa la nane. Siku ya kujiandikisha mwalimu aliniuliza cheti cha form four, nikamwambia kiko njiani, na mpaka leo hakijafika, nafikiri kilipitia Moyale, kule mpakani. Kiingereza changu kilitosha kusalimia mgeni na kuomba ruhusa ya kwenda choo. Sasa mashine inataka niiandikie barua kila nikitaka kuchora mguu wa meza? Wacha ikae.

Nilikuwa naishi kwa dada yangu mkubwa, mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu. Yeye ni typist kwa ofisi moja mjini, na vidole vyake vinaongea haraka kuliko mdomo, na mdomo wenyewe si wa polepole. Nilipomwambia nimechagua gani, hata hakugeuka kutoka kwa sufuria.

"Umechagua mashine vile mtoto anachagua peremende."

"Peremende ni tamu, dada."

"Mwambie baba hivyo hivyo Jumamosi."

Hapo kicheko kiliniisha. Baba yetu anakaa chini huko Mbeere, kwa joto, na mbuzi wake na nyuki wake. Alikuwa ameniachilia miezi mitatu tu, na ilikuwa inaisha Jumamosi hiyo. Maneno yake yalikuwa mafupi: miezi ikiisha nitapanda huko Embu mwenyewe nione kwa macho unajua nini. Nikiona kitu, utabaki. Nisipoona, tunarudi pamoja siku hiyo hiyo, mbuzi hawana mtu. Na wale mbuzi nilikuwa nawajua. Kuna mmoja alikuwa ananiangalia kama ananidai.

Nikafikiri, nitamchorea mzee mzinga wa nyuki. Kanisa lilikuwa limeleta huko nyumbani mizinga ya kisasa, ile ya sanduku. Juu yake kunalazwa mbao nyembamba, moja kando ya nyingine, na nyuki wanatakiwa kujenga sega moja chini ya kila mbao. Baba alitaka sana ya kwake. Lakini mafundi wa kule walikuwa wanakata hizo mbao kwa macho tu, leo nene, kesho nyembamba, na nyuki wakaona ni mchezo, wakajenga masega ya kupita katikati, mbao tano zimeshikana kama mkate. Ukitaka kuvuna unavunja nyumba yote. Baba alikasirika mpaka akarudia ile mizinga yake ya zamani ya gogo.

Wiki hiyo nilichora mzinga, wacha nikwambie. Sanduku la rangi ya asali. Paa la buluu. Mbao ishirini na saba juu, zimepangwa kama meno ya bibi harusi. Nikaweka nyuki watatu wanaruka, mmoja anacheka. Wenzangu walikuja kuona mmoja mmoja kama wanaona maiti ya chifu. Nikajiambia, mimi huyo nimebaki Embu.

Jumamosi saa nne baba akafika na dada, viatu vya akala miguuni, majani ya muguka shavuni, koti lake la kanisani mwilini. Mwalimu akamwomba avue viatu, kwa sababu vumbi linaua kompyuta. Baba akavua. Akaona zile mashine zimefunikwa vitambaa vya kushonwa maua.

"Hizi ni wagonjwa?" akaniuliza kwa Kimbeere.

"Hapana, baba. Zinaheshimiwa tu."

Nikaiwasha ya rangi, nikatoa karatasi kwa printa, nikampa kwa mikono miwili kama cheti. Baba aliitazama sana. Akatafuna. Akapeleka vidole viwili, cha shahada na cha kati, akavibandika juu ya zile mbao. Vikafunika mbao nane.

"Huu ni mzinga wa mbu?"

Dada akaangalia dirishani, mabega yanatetemeka.

"Baba, hii ni picha. Ni ndogo ndio itoshe kwa karatasi."

"Fundi wa kwetu akichora mlango kwa sakafu na chaki, huo ni mlango. Ukilala juu yake unajua kama utapita. Mbao ya nyuki ni vidole viwili vyangu hivi. Ikizidi wanapotea, ikipungua wanapotea. Hapa nimpe fundi gani, wa siafu?"

Sikukubali kushindwa. Nikamwambia angoje, hii mashine inavuta. Nikashika pembe ya mzinga na mausi nikavuta. Mzinga ukanenepa. Tukatoa karatasi, baba akaweka vidole, mbao imezidi. Nikasukuma kidogo. Mzinga ukarefuka kama kanisa. Karatasi nyingine, vidole, mbao imepungua. Nikavuta tena. Yule nyuki wangu wa kucheka sasa alikuwa na sura ya kiboko.

"Unavuta vuta kama ngozi ya mbuzi," baba akasema. "Lini inajua ni vidole viwili?"

Hilo swali lilinikalia. Kwa sababu haikuwa inajua. Ile pakeji ya rangi, vile nilikuwa nimejifunza kuitumia, ilikuwa inajua mzinga unapendeza. Haikuwa inajua mzinga ni mkubwa kiasi gani, na mimi mwenyewe sikuwahi kuiuliza.

Baba alianza kutafuta akala zake. Polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo ilinitisha. Akamwambia dada anifungie nguo.

Nikasema, "Mwalimu, ile nyeusi."

"Jina lako haliko kwa hiyo karatasi."

"Najua. Lakini ile inauliza unaanzia wapi na unaishia wapi."

Mwalimu akajikuna chini ya sweta. Akamwangalia mzee aliyekuwa ameinama na kiatu kimoja mkononi. Akasema, "Lete rula. Mzee, nisaidie hivyo vidole."

Tukapima vidole vya baba kama tunamshonea suti. Vyembamba, vigumu, na kovu moja la panga. Milimita thelathini na mbili. Mwalimu akaondoa kitambaa, skrini ikaamka nyeusi, na kale kamstari kakauliza unataka nini. Nikaketi. Mwalimu ananitajia herufi, mimi nazitafuta moja moja kama mtu anatafuta kuku gizani. Nikakosea, mashine ikakataa. Nikakosea tena, ikakataa. Dada, anayepiga barua nzima kabla mimi nimeona herufi ya kwanza, alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe isiruke kuja kunisaidia. Hatimaye nikaandika thelathini na mbili, nikabonyeza, na mstari ukaenda pale pale nilipouambia, ukasimama. Hakuna rangi. Hakuna nyuki. Kichwa cha mbao moja tu, pande nne, nyeupe.

Mwalimu akaiambia printa itoe vile ilivyo, bila kupunguza. Printa ikalia kama cherehani imekasirika. Baba akaichukua ile karatasi kabla haijamaliza kutoka, akaweka vidole. Pande zote mbili, ngozi imekutana na mstari. Akageuza karatasi, akaweka tena, kana kwamba mashine inaweza kuwa imemdanganya mara ya kwanza.

"Na ukitaka ishirini na saba?"

"Zinatoka ishirini na saba za sawa, mzee," mwalimu akasema. "Hata mia."

Baba akanigeukia. "Hii unaijua?"

Ulimi ulitaka kusema ndio. Ulikuwa umeshafika mlangoni. Lakini dada alikuwa ananiangalia, na mwalimu alikuwa ananiangalia.

"Siijui, baba. Naijua ile nyingine."

"Basi hujui kitu," akasema, na akakunja karatasi, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, ule wa Biblia. "Utarudi nyumbani aje na hujui kitu? Kaa hapa mpaka uijue. Mbuzi nitawatafutia mtu."

Mimi nilitaka kumrusha juu mzee wa watu kama mchezaji aliyefunga bao. Nikajizuia, nikamshikia ile akala nyingine.

Nikaenda mlangoni nikafuta jina langu kwa karatasi ya rangi, nikaliandika kwa ile nyingine, peke yangu juu ya karatasi nyeupe. Mwalimu akasema hiyo ni talaka ya kwanza na ya mwisho kwa college yake. Jumatatu wenzangu kumi na mmoja walipanga foleni dirishani, wanagombana nani ameshika mausi kwa muda mrefu. Mimi niliketi ukutani bila foleni, asubuhi nzima, mashine yangu mwenyewe. Ilinikataa mara kumi na saba kabla ya chai. Mara ya kumi na nane ilikubali, na nikacheka kwa sauti mpaka foleni yote ikageuka kuona huyu wa mashine ya barua amepata nini.