Zege la Mama Liko Chini

Jumamosi ya kwanza ya Juni. Jua kali toka asubuhi, upepo wa ziwani unapeperusha vumbi.

Nimekasirika, na sijui kama nina haki. Mbele ya nyumba yetu hapa Katubuka palikuwa na zege, njia ya gari tusilokuwa nalo. Mama aliitumia kuanikia dagaa anaowanunua wabichi mwaloni Kibirizi. Zege likipata moto, dagaa wanakauka juu na chini, na wateja wake mpaka Kidahwe wanajua: dagaa wa yule mama hawana mchanga.

Sasa kaka yangu, anayefanya kazi Dodoma, katuma fundi apange vitofali vya pevingi juu ya zege lote. Zawadi kwa mama. Juzi nilimpigia simu.

"Mama ataanika wapi?"

"Atandike turubai! Mdogo wangu, wenzenu wanakanyaga pevingi, nyie mnakanyaga vichwa vya dagaa."

Turubai! Juu ya turubai dagaa wanatoka jasho, wananuka. Na yeye kasomeshwa na dagaa hao hao.

Lakini niseme ukweli. Fundi hana kosa. Alitoboa zege matundu ili maji yasituame, akatandaza mchanga, akapanga vizuri. Zege lenyewe lilikuwa na nyufa, mama alishajikwaa. Na kaka aliniuliza kabla, nikajibu, "Sawa tu." Huenda kelele zangu zote ni za kujificha.

Jana mama alianika juu ya vitofali. Mchanga wa kuziba nafasi ukapanda na upepo. Mteja wake wa siku zote akaonja dagaa mmoja, akatema.

"Mama, na wewe umeanza mambo ya mchanga?"

Akaondoka mikono mitupu.

Leo nikamwambia mama ampigie kaka.

"Nimwambie nini, mwana wanje, mwanangu? Mtoto kanikumbuka."

Nikachukua bisibisi, nikabandua kitofali kimoja karibu na jiko. Chini mchanga, chini ya mchanga zege lile lile. Fundi, aliyekuwa anamalizia kingo, akaruka.

"Dada! Ukitoa kimoja vyote vinalegea!"

"Basi njoo uvizuie."

Alinitazama, akacheka, akachanganya saruji akashikiza ukingo. Tukafungua sehemu ya ukubwa wa vitanda viwili. Nikafagia, nikaosha. Najua mvua zikianza matundu yatazidiwa, patakuwa dimbwi. Kaka akija atauliza, na nitasema ni mimi. Natumaini nitasema.

Zege lilipokauka, mama alivua ndala, akashuka, akapima joto kwa unyayo.

"Ego, naam," akasema. "Hapa."

Jioni tumekula ugali wa muhogo na dagaa wa jana, wale wa mchanga, kwa mawese. Fundi tulimkaribisha. Kila mchanga ulipolia menoni mwa mtu, yeye aliinamia sahani.