Nilitaja Waya Usio Sahihi, Sasa Baba Atashika Msahafu

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo. Nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu mtaa wetu ni mdogo na ninaowaogopa huusoma ukurasa huu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, ninaishi na baba karibu na Diani. Mama alifariki nikiwa darasa la pili. Mimi si msemaji. Shuleni wananiita Maktaba.

Baba ni fundi wa umeme wa magari. Kiingereza hakukisoma, kwa hiyo kifaa kipya kikija na kijitabu, mimi ndiye msomaji. Huwaambia wateja, "Huyu binti yangu ndiye macho ya gereji."

Wiki tatu zilizopita mgeni mmoja kutoka Nairobi alileta karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari. Alikuwa amepiga kambi Galu na familia yake. Alitaka kamera ya nyuma ipate umeme kutoka kwenye taa ya rivasi, ili akitia rivasi tu aone kilicho nyuma yake. Waya zake zilikuwa nyingi, za rangi tusizozizoea. Baba alimwambia Kasim, kijana anayefanya kazi naye, "Tafuta waya wa rivasi. Dada yako atakusomea." Kisha akaenda kuswali Magharibi.

Nilikuwa ninasoma riwaya na nimebakiza kurasa tisa. Kasim alilala chini ya karavani, akauliza, "Dada, rangi gani?"

Nikatupia jicho kwenye jedwali. "Kahawia."

"Una hakika?"

"Kasim, mimi ninajua kusoma."

Akacheka. "Haya, mwalimu." Akaunganisha, akafunga tepu.

Kahawia ulikuwa waya wa taa ndogo. Wa rivasi ulikuwa wa rangi ya waridi, mstari wa chini yake. Baba aliporudi giza lilikuwa limeanza kuingia na taa za gari zilikuwa zinawaka, kwa hiyo waya wa kahawia ulikuwa na umeme. Akajaribu, picha ikaonekana safi. Mgeni akaondoka akishukuru.

Asubuhi yake, juani, mgeni alirudisha karavani nyuma bila kuwasha taa. Kiwambo cha kamera kilikuwa cheusi. Alisema baadaye kwamba alidhani kamera inachelewa kuwaka, akawa anarudi polepole huku akiingoja. Nyuma, Mutua, askari wa kambi, alikuwa ameinama akiondoa mpira wa maji. Karavani ilimbana kwenye mti wa mvinje, kisha gurudumu likapanda juu ya mguu wake. Mguu ule umekatwa chini ya goti.

Mchana nilikuwa nimerudi kula. Mgeni akaingia gereji na karavani yake, shati lake limelowa damu ya Mutua, akachana tepu mbele ya baba na kumwonyesha. Baba alichukua mpini wa jeki akampiga Kasim mkononi, mkono ukapinda mahali pasipo na kiungo. Kasim akaanguka kwenye oili.

"Nilikwambia rivasi," baba akawa anasema kwa sauti ya chini, na kila neno na pigo lake.

"Fundi, dada alinisomea kahawia. Muulize."

Baba akasimama, mpini uko juu. Akanigeukia. "Mwanangu, ulimsomea nini?"

Nikasema, "Waridi."

Baba akamrudia Kasim kwa hasira nyingine, ya kusingiziwa binti. Alimpiga mbavuni, akampiga mdomoni. Meno mawili yalitoka, moja likaruka hadi kwenye kiatu changu. Mgeni ndiye aliyemkumbatia baba kwa nyuma, akamwambia, "Fundi, utaua mtu." Mimi sikusogea.

Nilikwenda Msambweni kumwona Mutua alikolazwa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndio msichana wa fundi? Sasa usilie hivyo, madam. Soksi zangu zitadumu mara mbili." Halafu akauliza, "Na huyo kijana wa waya, alipigwa?"

"Alipigwa."

"Wangeongeza," akasema, akageukia ukuta.

Baada ya siku nne, ndugu wawili wa Kasim walikuja na mapanga. Walivunja vioo vya magari ya wateja, wakamkata baba begani hadi nikauona mfupa. Majirani waliwatoa. Wazee wakaketi, wakaamua kwamba Ijumaa hii, baada ya swala, kila upande ushike msahafu. Kasim ataapa kwamba alisomewa kahawia. Wazee walitaka na mimi niape, baba akakataa. "Huyu ni mtoto. Nitaapa mimi kwamba alisoma waridi." Kwetu, mtu akishika msahafu kwa uongo, sote tunajua kinachompata yeye na kizazi chake.

Jana alinipa kanzu yake nimfulie. Akasema, "Sina wasiwasi. Wewe hujawahi kunidanganya."

Leo ni Jumatano. Usiku wa jana nilikwenda hadi mlangoni kwake nimwambie. Alikuwa anabadilisha bandeji kwa mkono mmoja. Akauliza, "Unataka nini, mama?" Nikamuuliza chumvi iko wapi.

Nikimwambia, najua mkono wake ulivyo mzito. Zaidi ya hapo, atalazimika kusimama mbele ya msikiti mzima na kukiri kwamba alimvunja mtu asiye na kosa, na ndugu wale watakuwa wamesimama pale pale. Nikinyamaza, baba yangu ataweka mkono juu ya maneno ya Mungu na kuapa uongo, akiamini ni kweli, kwa sababu yangu.

Nitukaneni, ni haki yangu. Lakini nielezeni nianze na nani, baba, wazee, au Kasim, ambaye hadi leo anakunywa uji kwa mrija. Nishaurini kabla ya adhana ya Ijumaa. Baada ya hapo ushauri wenu hautanifaa tena.