Sweta ya Mjukuu

Mwalimu wetu wa kufuma, pale kwenye duka la nyuzi, ana vidole visivyotulia na ulimi unaokata uzi bila mkasi. Kila Jumamosi tunakuja wanane: wawili kufuma, waliobaki kufumua ndoa za watu. "Bibie, hiyo ni soksi au gunia la viazi?" huuliza, kisha huifumua mpaka mshono wa kwanza. Yeye mwenyewe hufuma sweta moja tu, ya mjukuu asiyemjua. Binti yake alihama na kichanga mgongoni, hakuaga. Basi akiingia mteja na mtoto wa umri wa mjukuu huyo, mwalimu huazima mabega ya mtoto, akapima, akarudi kwenye sindano zake.

Jumamosi iliyopita aliimaliza sweta hiyo kwa mara ya tatu, baada ya kuifumua mara mbili. Tukampigia vigelegele. Akamvalisha mtoto wa jirani yangu, wa miaka minne kama mjukuu. Mikono ikaishia kwenye viwiko.

"Wanakua hawa, mama," jirani akasema, kama anayeomba radhi.

Mwalimu akaifumua yote, mimi nikimshikia uzi.

"Sasa naanza ya miaka sita," akasema. "Ya mitano nitachelewa tena."