Pumzi Ndani ya Jogoo

Mkuu wa shule alitaka chati. Si kwamba chati zilikuwepo. Alitaka tu nifundishe kama mtu mwenye chati, nichore mapafu ubaoni kwa chaki, wanafunzi wanakili, kengele igongwe. Nilikuwa nimepangiwa shule ile ya Itilima, upande wa Migato, kutoka kwetu Rungwe, na sikukubali. Mtoto aliyekulia katikati ya ng'ombe na kuku unamfundishaje mwili kwa chaki? Nikaanza kutengeneza zana zangu. Taulo kuukuu likawa ukuta wa utumbo mwembamba. Chupa ya maji na maputo vikawa kifua na mapafu. Walimu wenzangu walisema darasa langu limekuwa jalala, nikawaambia nao watafute lao.

Somo la upumuaji nilileta jogoo niliyemchinja asubuhi jikoni kwangu. Nilimpasua kwa wembe mezani mbele ya kidato cha pili, nikachomeka ganda la peni kwenye koo lake la hewa, nikamwita binti mmoja wa dawati la mbele, mwepesi wa kujibu kuliko wote, aje apulize. Alisita. Nikadhani anaona kinyaa, nikamhimiza. Akapuliza, na vifuko vya hewa vikatuna taratibu ndani ya yule jogoo mfu. Nilitegemea makofi. Hayakuja. Binti alikuwa anatazama ini, penye doa la kijani lililokaribia weusi. Aliweka ganda la peni chini, akarudi kwenye dawati lake. Kesho yake hakuja shule, wala keshokutwa.

Aliyenieleza ni mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Mwamapalala, huku akijizuia kucheka. Kwao, mwenye shida akienda kwa mfumu, yaani mganga mwaguzi, huenda na kuku. Humtemea kuku mate mdomoni ili mambo yake yaingie humo, kisha kuku hupasuliwa na mfumu husoma yaliyomo. Doa jeusi si habari njema. Na mimi, na wembe wangu wa Rungwe, nilikuwa nimeitia pumzi ya binti wa watu ndani ya kuku, doa likaonekana, nami nikaendelea kuandika ubaoni. Kwa baba yake nilikuwa nimempigia mwanawe ramli, imetoka msiba, na mganga amenyamaza. Ningekuwa yeye, hata mimi ningemzuia nyumbani.

Mkuu aliniita ofisini. Alitaka niombe radhi kwenye kikao cha wazazi na niahidi kwamba sitapasua tena chochote shuleni. Nilimuuliza, binti akirudi kwa ahadi hiyo, atakuwa amerudi kusoma nini. Akaniambia niache ujuaji. Nilitoka pale nimefura. Watu wengine wakikasirika hulala. Mimi nilikwenda mnadani nikanunua jogoo mwingine.

Siku ya kikao wazazi waliketi nje, kwenye madawati tuliyoyatoa madarasani. Baba wa binti alikuwa mbele, fimbo yake ya kuchungia imelala magotini. Zamu yangu ilipofika niliwasalimu kwa lugha yao, "mwadila", wakaitikia kwa ukarimu, nikamtoa jogoo kikapuni, amekwisha kunyonyolewa. Mkuu akakohoa. Nikamwacha akohoe.

Nilimpasua kifua, nikachomeka ganda la peni, nikapuliza mwenyewe mpaka vifuko vikatuna. "Pumzi hii ni yangu," nilisema. "Kama humu ndani kuna msiba, ni wangu mimi."

Nilimwonyesha baba yule ini: jekundu, safi, halina hata alama. Kisha nikagusa kifuko cha nyongo kwa ncha ya wembe, makusudi, na ukijani ukasambaa juu ya ini mbele ya macho yake. Akina mama ndio walioelewa kwanza, maana ni nani kati yao hajawahi kupasua nyongo akaharibu mboga? Mmoja akamwambia jirani yake kwamba ni nyongo tu, na kicheko kikapita dawati kwa dawati.

"Doa la binti yako ni wembe wangu ulioteleza, baba," nilisema. "Si kesho yake."

Yeye hakucheka. Aliuliza, basi kuku huyu anasema nini? Nikapasua firigisi. Ndani mlikuwa na mtama, kokoto na shanga moja nyekundu. Nikamwambia anasema alikula mtama, na kwamba kuna mtoto mahali fulani anatafuta shanga yake. Kuku wangu husema ya jana tu.

Alifikiri. "Umepuliza wewe, mayu," alisema, akiniita mama kwa kwao. "Pamba ikivunwa ukiwa bado mzima, nitamrudisha."

Pamba ndiyo kwanza ilikuwa inapaliliwa. Binti wa umri ule akikaa nyumbani msimu mzima, ng'ombe wa mahari huanza kutajwa, na akishatajiwa ng'ombe harudi darasani. Hofu ilinishika, na hofu yangu hutoka kinywani ikiwa imevaa ukali.

"Na nikifa, nani atakuletea habari?" nilimuuliza. "Mlete kesho, aje aniangalie kila siku."

Alinitazama, akaitazama fimbo yake, na hapo ndipo alipocheka.

Binti alirudi. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. "Shikamoo, madam. Baba anauliza umeamkaje." Nami nikaitika marahaba, nikamwambia ampelekee baba jibu kwamba sijafa. Malaria iliponikamata nilijikokota mpaka shuleni nimejifunga kanga kichwani, meno yananigongana, kwa sababu sikutaka mzee yule apate habari nusu. Mkuu aliniambia nikapumzike. Nilimwambia nitapumzika pamba ikishafika mizani ya wanunuzi kule Kasoli.

Ilifika, nami nilikuwa mzima. Chati nazo zikaja siku moja, mapafu ya rangi ya waridi juu ya karatasi inayong'aa. Nilizitundika nyuma ya mlango na juu yake nikatundika aproni yangu. Kwa siri wanafunzi waliniita Mfumu, na niliposikia sikuwakataza.

Baada ya mavuno nilileta jogoo tena. Sikumwita mtu. Binti yule alisimama mwenyewe, akaja mezani kabla sijaanza kupasua, akanyoosha mkono.

"Madam," alisema, "leo wembe nishike mimi."

Nikampa. Alipasua polepole, akaikwepa nyongo, akalikagua ini pande zote mbili. Ndipo akachukua ganda la peni, akapuliza.