Vipande vitano vya inox nilivyovitupa

Nilikosa. Sitafuti wa kunitetea, nataka tu kusema.

Nilikuwa mwanafunzi wa mekanika hapa Butembo. Kazi yangu ya kumaliza masomo ilikuwa juu ya inox, chuma kisichoshika kutu: ukikipasha moto mkali, ukakiacha kipoe, ukarudia hivyo siku hata siku, kitachoka na kupasuka lini? Nilipima vipande ishirini. Kumi na tano vilivumilia vizuri. Vitano vilipasuka mapema mno.

Vitano hivyo viliniharibia mchoro wa matokeo, jamani! Nikajiambia umeme wa tanuru la majaribio ulikuwa unakatika-katika, basi havihesabiki. Nikavitupa. Mstari ukanyooka, walimu wakanipigia makofi.

Yaya, dada yangu mkubwa aliyenilea, alikuwa anakausha kakao Mulekera, kule Beni. Moto wa tanuru lake ulipita ndani ya bomba la inox chini ya meza za kakao. Fundi aliyeliunga alimwambia alibadilishe kila mwaka. Yaya akanipigia simu, maana mimi ndiye niliyesoma nyumbani kwetu.

"Weye njo ulisoma. Unasema nini?"

"Yaya, usiogope. Ule fundi anatafuta tu kazi. Itafika myaka tatu, nilishaipima mwenyewe."

Heri ningekuwa bubu siku ile! Mwaka wa pili bomba lilipasuka mchana, yeye akigeuza kakao. Moto ulimshika mikono yote miwili. Leo vidole vimegandana. Binti yake ndiye anayemvalisha na kumlisha.

Watu walipomlaumu fundi, nilinyamaza. Alifukuzwa mtaani kwa matusi. Nilisikia ameelekea Kamango, nikaenda mara mbili kumtafuta, hakuna anayemjua.

Yaya mwenyewe alinifariji, mimi! "Haiko kosa yako, leki yangu, mudogo wangu. Ni ule fundi njo aliunga mubaya."

Nikamjibu, "Ndiyo, yaya." Nilisema ndiyo! Naona aibu hata kuiandika.

Juzi amenipigia tena. Binti yake anataka kuwasha tanuru, wanangoja niwaambie bomba jipya litafika miaka mingapi. Sijajibu. Nikimwambia ukweli, kwamba ni mwaka mmoja tu kama alivyosema fundi, atajua kosa ni langu, na atabaki bila mikono na bila mdogo wake.

Nyinyi mnaopima vyuma, msitupe kilichopasuka mapema ili mchoro upendeze. Na kama mmeshatupa, semeni siku ileile, hata mkichekwa. Mimi nilichelewa, na sasa ukweli wangu hauwezi kuiponya mikono ya yaya.