Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Ipo siku nikiikumbuka, mwanangu, masikio yanapata moto mpaka leo, na mimi sasa ni bibi mwenye wajukuu wa kuoa. Ni siku niliyoosha kibuyu cha maziwa cha mama mkwe wangu kwa sabuni ya mche. Utacheka. Cheka tu, ila nisikilize mpaka mwisho, maana juzi uliponijia na kile kichupa cha vidonge ulichonunua gulioni, ukaniuliza kama ni kweli kuna bakteria wazuri wanaomwongezea mtoto kinga ya mwili, sikukujibu vizuri. Nilikuwa napepeta maharage na akili yangu ilikuwa kwenye ungo. Leo nakujibu.

Mimi kwetu ni Runazi, kule Biharamulo. Niliolewa huku Murukulazo nikiwa na cheti changu cha darasa la saba na maneno mengi. Lugha haikunisumbua, Kisubi chetu na Kihangaza cha huku ni ndugu. Kilichonisumbua ni kichwa changu. Nilijiona nimesoma kuliko kila mwanamke wa mlima huu, na hakuna aliyeniambia vinginevyo kwa sababu walikuwa watu wa adabu.

Mama mkwe wangu aliitwa Kandida. Alikuwa mjane, mwembamba, mtu wa maneno machache, na macho yake yalikuona hata akiwa amekupa mgongo. Majani aliyajua. Mtu akiwa na mafua alimchemshia mujaaja na tangawizi, na tumbo likimsumbua mtu mzima alimpa mubirizi, ule mti mchungu unaouona pale kwenye uzio wangu. Lakini hakuna mgonjwa aliyekanyaga uani kwake bila kuulizwa kwanza kama ameshafika zahanati. Wakati ule niliona ni uoga wa mzee asiyeziamini dawa zake mwenyewe.

Kitu alichokitunza kuliko vyote ni kibuyu cha maziwa ya mgando, alichokiita igisabo. Humo hakikuingia kitu kingine. Alikisuuza kwa maji matupu, akakifukiza moshi wa vijiti, na kila alipomimina maziwa aliacha kidogo chini, kiasi cha kufunika sakafu ya kibuyu tu. Hayo mabaki ndiyo mbegu. Ukiongeza maziwa mapya juu yake, yanaganda vizuri, mazito, yenye uchachu wa kupendeza. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na kibuyu hicho ndicho kilichotulisha.

Sasa mwanangu wa kwanza, Deo, alikuwa na umri wa miaka miwili alipougua kuhara. Si kuhara kwa mchezo. Tulimlaza hospitali ya misheni siku nyingi mpaka nikaanza kuogopa kumtazama usoni. Tulipopewa ruhusa alikuwa mifupa na macho. Uji alitema. Ndizi alitema. Kitu pekee alichokubali ni maziwa ya bibi yake, vijiko viwili asubuhi, vitatu jioni, kisha vinne. Mama mkwe alimlisha mwenyewe, akiwa amemketisha kwenye mapaja yake, na mimi nikaona shavu la mtoto linaanza kurudi.

Hapo ndipo mama yangu mzazi alipoleta habari kwamba anakuja kutoka Runazi na dada zangu wawili kumwona mtoto. Nikaanza kuitazama nyumba kwa macho yao, na macho yakatua kwenye kile kibuyu. Ndani cheusi, kinanuka moshi na uchachu. Shuleni tulifundishwa usafi, tena mimi nilikuwa kiranja wa usafi. Nikajiambia, watasema nimeolewa kwenye uchafu, na kwamba kibuyu hiki ndicho kilichomletea mtoto ugonjwa.

Mama mkwe alikuwa amekwenda msibani, angelala huko siku moja. Sikupoteza muda. Nilimwaga yale mabaki jalalani, nikachemsha maji, nikakata sabuni vipande, nikatia na changarawe ndani, nikakitikisa kibuyu mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yalitoka meusi na mimi nikafurahi. Nikarudia mara tatu. Nikakianika juani, nikakinusa, kikanukia sabuni kama nguo ya Jumapili. Jioni nikatia maziwa mapya, nikafunga mdomo wake, nikalala nimeridhika.

Wageni walikuja, wakala, wakasifu, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyekitazama kibuyu.

Mama mkwe aliporudi alimimina maziwa, na badala ya mgando yakatoka maji ya kijani kijani na mabonge. Aliyanusa, akayaonja, akamchotea mtoto kijiko kwa kuwa hakukuwa na kingine anachokubali. Siku hiyo Deo alikunywa vijiko viwili akasukuma mkono. Bibi yake akajaribu tena kwa maziwa ya siku iliyofuata, yakawa yaleyale. Usiku wa pili tumbo la mtoto likafunguka upya.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo nilipokosea zaidi. Mwanamke yule alianza kujichunguza tangu maziwa yale ya kwanza. Aliniuliza kama ng'ombe ana uvimbe kwenye kiwele. Akaenda kumkagua, akamkuta mzima. Akabadilisha vijiti vya kufukizia. Mwisho akaketi kwenye kigoda, akaigeuza mikono yake akiitazama, akasema labda uzee umeingia humo, labda mikono yake haifai tena kushika chakula cha mtoto. Kuanzia hapo akakataa kumlisha Deo. Alisimama mlangoni akituangalia tu. Na mimi nilikuwa pale, najua kila kitu, nikakoroga uji wangu kimya. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu. Niliogopa kuitwa mjinga, mwanangu, nikaacha mama wa watu abebe lawama yangu.

Asubuhi ya siku ya tatu alinijia na khanga begani, akasema tunakwenda zahanati, majani hayana kazi hapa. Nilikuwa nimeshachuma mubirizi nimtwangie mtoto. Aliyachukua majani mkononi mwangu akayatupa. Aliniambia mtoto aliyekauka namna ile hapewi kitu kichungu, anapelekwa kwa wenye sindano na maji ya chumvi na sukari. Tulikwenda mbio, yeye akimbeba.

Mwuguzi alimpokea, akamtazama ulimi na ngozi ya tumbo, akaanza kumnywesha maji ya dawa kidogo kidogo. Kisha akauliza mtoto amekula nini siku hizi. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe alijibu. Alisema amekunywa maziwa yake, na kwamba anadhani yeye ndiye aliyemharibia mjukuu wake. Alilisema hilo akiwa amesimama wima mbele ya watu waliojaa benchi zima, bila kujitetea hata kidogo.

Sikuweza tena.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilikiosha kibuyu kwa sabuni nikamwaga mbegu yote. Nimejua tangu siku ya kwanza."

Mwuguzi alitutazama wote wawili, akaendelea na kijiko chake. Alikuwa kijana mwenye busara. Baadaye alinieleza kwa upole kwamba tumbo lina wadudu wake wadogo wanaolisaidia, kuhara huwafagia, na mgando mzuri huwarudisha. Nilipomwaga yale mabaki nilimwaga walinzi, na maziwa yaliyobaki bila walinzi yakaingiwa na wadudu wabaya. Akasema mtoto ahakikishiwe maji yale ya dawa, alishwe kidogo kidogo chochote atakachokubali, na akikataa kula siku mbili zaidi tumrudishe alazwe.

Njiani tulifika kwenye kijito, mama mkwe mbele. Akasimama.

"Kibuyu si kitu, Mama Deo. Nitapanda mbegu, kitaota kingine," akasema. "Lakini siku tatu umeniona naitazama mikono yangu, ukanyamaza. Usinifanyie hivyo tena."

Basi. Hakunitukana, hakunisema kwa mwanawe, hakulirudia. Afadhali angenichapa.

Tukabaki na shida ya mbegu. Kilikuwa kiangazi. Majirani wote ng'ombe wao walikuwa wamekauka, na vibuyu vyao vilikuwa vimetundikwa vitupu. Zaidi yetu, aliyejulikana kuwa bado na maziwa ni mtu mmoja, wifi wa mama mkwe aliyeolewa upande wa Kibimba, shangazi wa mume wangu, jina lake Leokadia. Na hao wawili walikuwa hawasalimiani. Walikosana baada ya mazishi ya baba mkwe kwa sababu ya mpaka wa shamba la migomba, na tangu hapo hata kanisani kila mmoja alikaa upande wake.

Alfajiri iliyofuata mama mkwe alinikabidhi kibuyu alichoazima kwa jirani, akaniambia nitakibeba mimi na nitasema mimi. Mtoto tulimwacha na baba yake na ile dawa ya maji. Tulitembea mpaka jua likawa utosini. Miguu yangu ilikuwa mizito, si kwa milima, kwa aibu.

Tulipofika, Leokadia alikuwa anaanika mihogo. Nilipiga magoti nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba bila kumtazama aliyesimama nyuma yangu. Nikasema yote. Sabuni, changarawe, siku tatu za kunyamaza, mtoto asiyekula. Nilisema huku nalia, pua inatoka kamasi, kiranja wa usafi mimi.

Leokadia aliingia ndani. Alikaa huko mpaka nikadhani tumefukuzwa. Alipotoka alikuwa na kibuyu chake mkononi, akanipita, akaenda kwa mama mkwe.

"Mbegu hii ulinipa wewe, wifi, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza," akamwambia. "Sijaiacha ikafa hata siku moja. Unakuja na mtoto wa watu kuomba kitu chako?"

Mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumwona analia hata kwenye kaburi la mumewe, aliketi chini palepale kwenye mihogo akilia. Leokadia naye akaketi. Mimi nilijifanya natazama migomba. Walizungumza Kihangaza cha haraka cha wazee ambacho sikukifuata chote, ila jina la marehemu nililisikia mara nyingi, na mwishoni nikasikia wanacheka.

Tulirudi na mbegu, na pia na mkungu wa ndizi kichwani mwangu. Mama mkwe alitia maziwa mapya juu ya mbegu ile, na kesho yake, siku ambayo ilikuwa tumrudishe mtoto kulazwa, akamimina. Yalitoka mazito. Akanipa kikombe mimi nimlishe. Nikamrudishia. Nikamwambia, mama, mikono yako ndiyo anayoijua. Deo alikunywa kijiko, akakaa, akakishika kikombe kwa mikono yake miwili akakivuta. Nikatoka nje nikamshukuru Mungu kwa sauti, majirani wakadhani nimechanganyikiwa.

Huyo Deo sasa ana mvi, na ana ng'ombe zake huko Biharamulo.

Kwa hiyo swali lako, mwanangu. Ndiyo, wapo wadudu wazuri, na mgando unao, na wazee waliwatunza kabla hawajajua jina lao. Vile vidonge sivikatai, ila vipeleke kwa mganga wa zahanati avisome, usimeze maneno ya muuzaji wa gulioni anayesema vinatibu kila kitu. Maziwa chemsha kwanza, yaache yapoe yawe vuguvugu, ndipo utie mbegu. Sisi hatukuchemsha, na bwana mifugo ametueleza magonjwa tuliyokuwa tunayachezea. Kitoto chako bado hakijafikisha mwaka, kipe ziwa lako, mgando utangoja. Mujaaja na tangawizi kunywa wewe ukiwa na mafua, vinafariji. Kula mchicha, kula maharage, lala vya kutosha, hiyo nayo ni kinga. Lakini mtoto akichemka mwili au akihara, usije kwangu kwanza. Nenda zahanati, mimi utanikuta. Na chanjo zake usiruke hata moja kwa sababu eti unamnywesha majani, nitakugombeza mbele ya mumeo.

Ukipata mbegu nzuri ya maziwa, gawa. Mgawie hata yule usiyesalimiana naye. Na usiharibu kitu cha mkubwa wako kwa sababu tu hujakielewa. Uliza, kuuliza hakukuvunji mguu.

Mama mkwe wangu alipolala kitandani miaka yake ya mwisho, mimi ndiye niliyemlisha. Siku moja nikamwambia kwamba sikuwahi kumshukuru kwa kunisitiri, kwa kutonisema kwa mume wangu wala kwa ukoo. Akaniuliza kwa sauti ndogo ninazungumzia nini. Alikuwa amesahau kweli, au alitaka niamini hivyo. Nilimfuta mdomo, nikambusu ile mikono.

Nenda sasa, mtoto wako anakungoja. Mungu akijaze kifua chako maziwa na nyumba yako vicheko. Awajalie wakwe zako moyo kama aliokuwa nao Kandida. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akupe mdomo wa kusema siku ileile.