Mwenye Ardhi Ataachiwa Betri Zote

Kwa miaka ishirini na sita Mama Nukta amewapigia watu chapa mikataba yao: ya nyumba, ya magari, ya ndoa zilizovunjika, na mara moja ya ng'ombe mmoja aliyegombewa na ndugu wanne. Kompyuta yake ina herufi tatu zilizofutika kwa kuguswa, na kiti chake kina mto uliochoka kuliko yeye. Jina la Nukta alipewa na mtaa, kwa sababu hakuna karatasi inayotoka kwenye chumba chake ikiwa na sentensi isiyofungwa. Shule aliishia darasa la saba. Koma alijifunza mwenyewe.

Siku hiyo dada yake mkubwa aliingia na bahasha kifuani kama mtu aliyebeba yai.

"Nisomee, mdogo wangu. Miwani yangu imevunjika mkono. Kesho saa nne mwanasheria wa kampuni anakuja kunisainisha."

Kampuni ilitaka kupanga nusu ya kiwanja chake, ile iliyo karibu na nguzo kubwa za umeme. Ingeweka hapo makontena ya betri za kutunza umeme wa jua kwa miaka ishirini. Dada alikuwa mjane, na kiwanja hicho, pamoja na kisima chake, ndicho pekee alichokuwa nacho cha kuwapa wajukuu. Mama Nukta alisoma mpaka kipengele cha kumi na nne: "Muda ukiisha, mwenye ardhi ataachiwa betri zote zilizomo kiwanjani."

Dada akapiga makofi. "Umesikia? Nitaachiwa! Mume wangu mwenyewe aliniachia redio mbovu, hawa wataniachia mtambo mzima."

"Betri zenyewe umeshaziona?"

"Betri si betri tu?"

Mama Nukta alikunja mkataba. Betri alizozijua yeye ni za tochi na za gari, na zote mbili zikifa mtu huwa hazitaki ndani kwake. Alifunga chumba, akamshika dada mkono, wakaenda kituo cha afya, ambako kontena kama hilo lilikuwa limewekwa mwaka uliopita.

Walikuta mvua inanyesha na mtaa mzima hauna umeme. Maduka yalikuwa giza, kinyozi amesimama mlangoni na mashine mkononi, mteja wake amenyolewa nusu kichwa. Kituo cha afya kilikuwa kinang'aa.

Fundi wa umeme wa kituo aliwapeleka uani, kwenye sanduku jeupe la bati refu kama basi.

"Weka mkono hapa, mama. Haling'ati."

Mama Nukta aliweka kiganja. Bati lilikuwa linavuma chini chini, kama paka aliyeshiba.

"Hilo unalolisikia ni jua la asubuhi," fundi alisema. "Tumeliweka humo kabla mawingu hayajaja. Sasa hivi ndilo linalopoza chanjo, na ndilo linalomwangazia mkunga kule ndani."

Hapo hapo mtoto akalia nyuma ya dirisha, kilio cha mtu aliyefika duniani sasa hivi. Mama Nukta aliangalia mawingu meusi, akaangalia dirisha, akaliangalia sanduku. Jua la asubuhi! Mtu amelikunja kama shuka, akaliweka kabatini, na sasa limekunjuliwa juu ya kichwa cha mtoto katikati ya mvua. Aliusahau mkono wake palepale kwenye bati.

"Leo umemezwa na nini?" dada alimtania.

Mama Nukta aligonga sanduku kwa kidole. "Likizeeka?"

Fundi alikuna kichwa. "Hapo sasa. Halitupwi, mama. Lina dawa kali, likiharibika linaweza kuwaka moto mgumu kuzima, na likivuja si kitu cha kuwa karibu na maji ya kunywa. Linataka wataalamu, gari lake, na kiwanda cha kulivunja. Hapa kwetu hakipo."

"Nani analipeleka huko?"

"Mwenyewe. Yule ambaye karatasi inasema ni lake."

Wakarudi wakiwa wamejifunika mfuko mmoja wa plastiki. Dada hakucheka tena.

"Dada," Mama Nukta alisema, "kuachiwa shamba ni kuachiwa. Na kuachiwa mtoto mgongoni, baba yake kakimbia, nako ni kuachiwa."

Kesho yake saa nne mwanasheria alikaa sebuleni kwa dada, tai imembana, kalamu tayari.

"Mama zangu, hicho ni kipengele cha kawaida. Tunawaachia mali."

"Mwanangu, mali hiyo mzigo wake umeshaubeba? Andika kwamba kampuni itaziondoa betri yenyewe, kwa gharama yake, na ardhi irudi kama mlivyoikuta."

"Sawa, hilo linaongeleka."

"Na mkifa kabla ya betri?"

Mwanasheria akacheka. "Kampuni haifi, mama."

"Nimepiga chapa matangazo ya kufilisika kumi na moja. Moja lilikuwa la kampuni ya majeneza."

Kicheko kikakatika. Alitoka nje na simu, akazunguka kisima mara tatu huku mbuzi wakimfuata. Aliporudi alikuwa amelegeza tai. "Mkuu wangu amekubali. Tutaweka fedha ya dhamana benki tangu mwanzo, ya kuziondolea betri, hata sisi tusipokuwepo. Anasema hakuna mwenye ardhi aliyewahi kumuuliza hilo."

Wakaenda wote kwenye chumba cha chapa. Mama Nukta alifuta "ataachiwa", akaanza kuandika upya, neno kwa neno. Kiganja kilikuwa bado kinakumbuka ule mvumo. Maneno haya nayo yangekaa kimya kwenye karatasi miaka ishirini, yeye na dada huenda wamekwisha kwenda zao, halafu siku moja yaamke yakafanye kazi pale kisimani.

Dada alishika kalamu, akasita.

"Nukta umeweka?"

"Nimeweka."

Ndipo akasaini.